Maaskofu Wawili na Swali la Maandiko: Natal 1862, Unguja 1913

Wanafunzi wetu wanapoandika juu ya Wakristo waliohitilafiana katika jambo la Maandiko Matakatifu, aghalabu huanzia Ujerumani. Hutaja vyuo vya Tübingen na Göttingen, wakamtaja Wellhausen, kisha wakavuka bahari kwenda Marekani kwenye kesi ya mwalimu Scopes ya mwaka 1925, na hapo kalamu hutulia. Afrika katika maandishi hayo ni shamba lililopandwa mbegu iliyokwisha chaguliwa ng'ambo. Nia yangu katika kurasa hizi ni kuonyesha kwamba mara mbili, katika muda wa miaka kama hamsini, ugomvi mkubwa wa Kanisa la Kiingereza juu ya Biblia ulitoka Afrika ukaenda Canterbury, wala haukutoka Canterbury ukaja Afrika. Mara zote mbili aliyeuwasha alikuwa askofu aliyeishi miongoni mwa wasikilizaji wasiokuwa Wakristo tangu kuzaliwa, watu waliokuwa na haki ya kuuliza kama habari wanazosomewa ni za kweli. Mmoja aliulizwa swali hilo akaegemea upande wa kuhoji Maandiko. Wa pili alilisikia swali hilohilo akaegemea upande wa kuyalinda.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya maneno. Waliberali, kama watumiavyo jina hilo wanahistoria wa dini, ni Wakristo wanaoshika kwamba vitabu vya Biblia viliandikwa na watu wa zamani zao, kwa elimu ya zamani zao, na kwa hiyo vyaweza kuchunguzwa kama vichunguzwavyo vitabu vingine vya kale. Neno la Mungu limo ndani yake, lakini si kila sentensi iliyomo ni neno la Mungu. Wahafidhina hushika kwamba msemaji mwenyewe katika Maandiko ni Mungu, na kwa hiyo yanayothibitishwa humo ni kweli. Elimu ya binadamu ikipingana nayo, basi elimu na ingoje. Majina haya yafaa kwa kuanzia tu. Tutakapofika Unguja tutaona kwamba wahafidhina wenyewe walikuwa na nyumba zaidi ya moja, na milango yao haikutazamana.

John William Colenso alizaliwa Cornwall, Uingereza, mwaka 1814, katika nyumba isiyokuwa na mali, akapanda kwa akili yake. Mwaka 1836 alishika nafasi ya pili katika mtihani mkuu wa hesabu wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Vitabu vyake vya hesabu vilitumika katika shule za Uingereza kwa miaka mingi, na hapana shaka baadhi ya watu waliokuja kumchukia kwa ajili ya Torati walikuwa wamejifunza kugawanya kwa msaada wake. Mwaka 1853 aliwekwa kuwa Askofu wa kwanza wa Natal. Alijenga kituo chake Ekukhanyeni, karibu na mji wa Pietermaritzburg, akajifunza Kizulu kwa bidii ya ajabu, akatoa sarufi na kamusi, akafungua shule na mtambo wa kupigia chapa, akaanza kufasiri Maandiko. Tangu mwaka 1855 alikuwa amekwisha wachukiza wamisionari wengi kwa kuandika kwamba mume mwenye wake wengi asishurutishwe kuwafukuza ndipo abatizwe. Wazulu walimwita Sobantu, yaani baba wa watu.

Mwenzake katika kazi ya kufasiri alikuwa Mzulu jina lake William Ngidi. Wakafika kwenye habari za Gharika. Katika dibaji ya kitabu alichokitoa mwaka 1862 Colenso asimulia kwamba mwenzake huyo alimtazama akamwuliza kama hayo yote ni kweli: kama kweli wanyama wote na ndege wote na vitambaavyo, wa nchi za joto na wa nchi za baridi, walikuja wawili wawili wakaingia katika safina, na kama Nuhu aliwakusanyia wote chakula, hata wale walao nyama. Askofu alikuwa amesoma elimu ya miamba. Alijua kwamba kuna milima ya moto iliyozimika zamani sana kabla ya wakati wa Nuhu, na majivu yake mepesi bado yamelala juu pasipo kuguswa na maji. Akaona hawezi kumwambia Ngidi kwamba aamini jambo ambalo yeye mwenyewe, aliyemwomba aliamini, halisadiki. Alimjibu kwa maneno ya tahadhari, lakini dhamiri yake haikutulia tena.

Watu wa London walifanya mzaha mwingi juu ya askofu aliyekwenda kumgeuza Mzulu, akageuzwa yeye. Mzaha huo wadhihirisha dharau ya siku zile kuliko udhaifu wa Colenso. Mimi naliona jambo hili kwa jicho la mtu wa lugha. Mhubiri akifika kwenye aya ngumu aweza kuiruka, na msomaji aweza kuipitia upesi kwa kuwa masikio yake yamekwisha izoea tangu utotoni. Mfasiri hana ruhusa hiyo. Lazima asimame juu ya kila neno, atafute ndugu yake katika lugha ya pili, na aliyeketi mbele yake amsaidie kupima kama neno hilo lasikika vema. Hapo ndipo usingizi wa mazoea huvunjika. Gharika ni mfano mmoja. Wa pili ni mzito zaidi, nao hutajwa mara chache. Wakifasiri sura ya 21 ya kitabu cha Kutoka, walifika kwenye sheria ya bwana ampigaye mtumwa wake: mtumwa akifa papo hapo bwana ataadhibiwa, lakini akikawia siku moja au mbili, bwana hana adhabu, kwa sababu mtumwa huyo ni mali yake. Colenso aandika kwamba Mkristo huyo wa Kizulu alitaabika moyoni aliposikia kwamba maneno hayo yanadaiwa kuwa yametamkwa na Mungu mwema yule yule aliyehubiriwa kwake. Swali la kwanza lilikuwa la elimu ya viumbe. Swali hili la pili lilihusu haki, na hakuna mwamba wala jiwe liwezalo kulijibu.

Kitabu chake juu ya vitabu vitano vya Musa na kitabu cha Yoshua kilitoka sehemu baada ya sehemu, saba kwa jumla, kuanzia mwaka 1862 mpaka 1879. Sehemu ya kwanza ndiyo iliyozua moto, nayo ni kazi ya mwalimu wa hesabu. Alichukua hesabu ya wanaume wa Israeli wawezao kwenda vitani, 603,550, akaonyesha kwamba watu wote pamoja na wake na watoto wangepata milioni mbili au zaidi, sawa na mji wa London wa siku zile, wakihamishwa usiku mmoja pamoja na wazee, wagonjwa na mifugo. Alichukua aya isemayo kwamba mkutano wote ulikusanyika mlangoni pa hema ya kukutania, akawapanga wanaume hao tisa tisa kwa upana wa hema, akapata safu yenye urefu wa karibu maili ishirini. Alichukua hesabu ya wazaliwa wa kwanza, 22,273, akailinganisha na wingi wa wanaume wote, akapata kwamba kila mama wa Kiisraeli lazima awe amezaa wana wa kiume zaidi ya arobaini.

Nakiri kwamba sehemu hii ya kazi yake haivutii kama ile dibaji. Colenso alizisoma simulizi za kale kama mtu akaguaye daftari la duka. Kwa wasimulizi wa zamani hesabu kubwa ilikuwa ni namna ya kusema utukufu, na kila aliyelelewa kwenye tenzi zetu za vita alijua hilo kabla ya kwenda chuoni. Mshairi Matthew Arnold alimlaumu mwaka 1863 kwa kuwavuruga watu wa kawaida bila kuwajenga. Lakini haki itendeke: Colenso hakuchagua uwanja huo peke yake. Wapinzani wake walikuwa wakifundisha kwamba kila tarakimu ya Maandiko ni kweli kamili, na kwamba mtu akitilia shaka moja ameangusha zote. Aliyedai kuwa tarakimu ni msingi wa imani hana budi kumvumilia mwenye kuzijumlisha. Kwa hiyo pande zote mbili, mhoji na mshikaji, zilisimama juu ya ubao mmoja: kwamba ukweli wa Kitabu hupimwa kwa usahihi wa habari zake. Walitofautiana katika jibu tu. Dai lake lenye maana zaidi, yaani kwamba vitabu hivyo vilikusanywa na waandishi wengi katika nyakati mbalimbali, lilikuja kuwa mafundisho ya kawaida katika vyuo vingi vya Ulaya kabla ya karne ile kwisha.

Askofu wa Cape Town, Robert Gray, aliyekuwa mkuu wa jimbo lote, alimwita kwenye hukumu mwaka 1863 na kumvua uaskofu. Colenso hakuhudhuria, alikata rufani kwa Malkia. Mwaka 1865 baraza la rufani mjini London liliamua kwamba Gray hakuwa na mamlaka ya kisheria ya kumvua mwenzake. Tazama ulivyo ujanja wa sheria: baraza halikusema neno juu ya Musa, wala juu ya Nuhu, lilisema juu ya hati za uteuzi tu. Colenso akabaki na kanisa lake kuu na mshahara wake. Gray akamtenga na ushirika mwaka 1866, na mwaka 1869 akamweka askofu wa pili katika mji uleule, na Natal ikawa na maaskofu wawili wasioamkiana. Msukosuko huo ulikuwa miongoni mwa sababu zilizowafanya maaskofu wa Kianglikana wa dunia wakutane Lambeth kwa mara ya kwanza mwaka 1867. Ule wimbo mashuhuri wa Samuel Stone juu ya msingi mmoja wa Kanisa, ulioandikwa mwaka 1866, ulizaliwa katika vita hivyo pia. Wangapi wauimbao kila Jumapili wajua kwamba uzushi unaolaaniwa humo ni wa askofu aliyeulizwa swali na Mzulu?

Mwaka 1873 serikali ya Natal ilimvamia Langalibalele, mtawala wa Wahlubi, ikawanyang'anya watu wake ardhi na ng'ombe, ikamhukumu katika mahakama isiyokuwa na sura ya haki, ikampeleka kisiwa cha Robben. Colenso alisimama peke yake kumtetea, hata akasafiri mpaka London mwaka 1874, akapoteza marafiki aliobakiwa nao miongoni mwa Wazungu wa Natal. Mwaka 1879, vita vya Wazulu vilipoanza, alihubiri waziwazi kwamba vita hivyo ni dhuluma. Alifariki mwaka 1883. Mtu aliyezoea kufungua ushahidi wa Musa na kuupima aya kwa aya hakuona vigumu kuufungua ushahidi wa gavana.

Uzi mwembamba wamfunga Colenso na pwani yetu. Arkidiakoni wake wa Natal, Charles Mackenzie, aliyefuatana naye mwaka 1855, ndiye aliyechaguliwa kuwa askofu wa kwanza wa Misioni ya Vyuo Vikuu katika Afrika ya Kati. Mackenzie alikufa kwa homa katika nchi ya mto Shire mwaka 1862, mwaka uleule wa kitabu cha Colenso. Aliyemfuata, Askofu Tozer, aliihamishia misioni Unguja mwaka 1864. Edward Steere akajifunza Kiswahili, akalijenga Kanisa Kuu mahali palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, akafasiri Agano Jipya; Biblia nzima kwa Kiswahili cha Unguja ikatoka mwaka 1891. Chuo cha Kiungani kilianzia kwa wavulana waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Kwa hiyo ile sura ya 21 ya Kutoka ilisomwa kwa Kiswahili katika nyumba ambamo baadhi ya wasomaji walikuwa wameuzwa wao wenyewe. Lakini misioni hii haikufuata njia ya Colenso hata kidogo. Ilikuwa misioni ya upande wa Kikatoliki katika Uanglikana: Ekaristi, maungamo, mapokeo ya mababa, na askofu kuwa mrithi wa mitume.

Frank Weston, aliyezaliwa mwaka 1871 na kusoma Oxford, alifika Unguja mwaka 1898, akawa mkuu wa Kiungani, na mwaka 1908 akawekwa kuwa Askofu wa Zanzibar. Si haki kumhesabu kuwa mhafidhina kwa kutojua. Mwaka 1907 alitoa kitabu juu ya nafsi moja ya Kristo, kitabu ambacho wanateolojia hukisoma hata leo, akishindana na fumbo gumu: Mwana wa Mungu aliwezaje kuishi na kujua kama mwanadamu ajuavyo?

Fumbo hilo ndilo kiini cha mambo, nasi tukilikosa hatutaelewa kwa nini watu wenye akili walichomana kwa maneno. Yesu katika Injili ataja Torati kuwa ni ya Musa, na Zaburi ya 110 kuwa ni ya Daudi. Mtaalamu akithibitisha kwamba Musa hakuandika, je, Kristo alikosea? Colenso alijibu kwamba Kristo aliutwaa ubinadamu wote, pamoja na mpaka wa elimu ya siku zake. Mwaka 1889 Charles Gore, mtu wa upande uleule wa Kikatoliki aliokuwa nao Weston baadaye, alisema karibu jibu hilohilo katika kitabu cha insha kiitwacho Lux Mundi, na wazee wa upande wake wakahuzunika mno. Kwa hiyo, hata pale ugomvi ulipoonekana kuwa ni wa Nuhu na safina yake, nyuma ya Nuhu alisimama Kristo. Mhafidhina aliogopa kwamba ukiukubali mpaka wa elimu yake leo, kesho utaukubali mpaka wa mamlaka yake.

Weston aliogopa hivyo, naye alikuwa na sababu ambayo mwalimu wa Oxford hakuwa nayo. Aliishi katika mji wa Waislamu. Kwa Mwislamu wa Unguja kitabu cha Mungu ni maneno yaliyoshuka, herufi kwa herufi, na itikadi iliyoenea ni kwamba Torati na Injili zilizomo mikononi mwa Wakristo zimebadilishwa. Sheikh Abdulaziz al-Amawi, mmoja wa wanazuoni wakubwa wa Unguja katika karne ya kumi na tisa, alijulikana kwa mijadala yake na wamisionari wa Kiingereza. Tena huko India, katika mjadala wa Agra wa mwaka 1854, Rahmatullah Kairanawi alikuwa amewashangaza wamisionari kwa kuwatolea vitabu vya wachunguzi wa Kizungu wenyewe, kuonyesha kwamba Wakristo wa Ulaya nao wamekubali kuwa Biblia ina mkono wa binadamu. Kitabu chake Izhar al-Haqq, kilichotoka kwa Kiarabu mwaka 1864, kiliitia silaha hiyo makali zaidi. Katika mazingira kama haya, kila insha ya mwalimu wa Kiingereza yenye kutilia shaka Injili ilikuwa kama barua iliyoandikwa kwa siri nyumbani, ikafika kwanza mikononi mwa mshindani.

Mwaka 1912 walimu saba wa Oxford walitoa kitabu kiitwacho Foundations, yaani Misingi, kwa nia ya kuieleza imani upya kwa mtu wa kisasa. Mhariri wake, B. H. Streeter, aliandika kwa namna ya kuonyesha kwamba imani ya kufufuka kwa Kristo hailazimiki kutegemea kaburi tupu. Streeter hakuwa mpinzani wa dini. Alikuwa padre, tena mmoja wa watahini wa makasisi wapya wa Askofu wa Hereford. Hilo ndilo lililomkera Weston. Mwaka 1913 alitoa barua ya wazi kwa Askofu wa St Albans, akiuliza Kanisa la Kiingereza lasimamia nini. Hoja yake juu ya Uislamu ni fupi na kali: kanisa ambalo wakubwa wake wana maoni mawili juu ya uaminifu wa Biblia, na juu ya Kristo mwenyewe kama anakosea au hakosei, limekwisha kupoteza nafasi yake mbele ya Waislamu.

Barua hiyo ilikuwa na jambo la pili lililoifunika kabisa la kwanza katika magazeti. Mnamo Juni 1913 wamisionari wa Kiprotestanti walikutana Kikuyu, katika kituo cha Waskoti, wakiongozwa na Askofu Peel wa Mombasa pamoja na Askofu Willis wa Uganda, wakapanga shirikisho la misioni zao. Mwisho wa mkutano Peel aliwapa Ushirika Mtakatifu wote waliokuwapo, hata wasiokuwa Waanglikana. Weston aliwashtaki maaskofu hao wawili kwa Askofu Mkuu Davidson kwamba wameeneza uzushi na kuleta mfarakano. Wanafunzi wengi huchanganya hapa. Huona Weston ni mshikaji wa Maandiko, na wa Kikuyu wanapingwa naye, basi huwaweka wale wa Kikuyu upande wa waliberali. Sivyo hata kidogo! Msingi wa shirikisho la Kikuyu ulikuwa ni kuyakubali Maandiko Matakatifu kuwa kanuni kuu ya imani na mwenendo, na miongoni mwao walikuwamo watu wa Africa Inland Mission, ambao kwa habari ya Biblia hapana aliyewazidi kwa ukali. Kwao Kitabu chajitosha. Huhukumu hata Kanisa. Kwa Weston Kitabu kilizaliwa ndani ya Kanisa, na pasipo askofu na mapokeo hakina mlinzi. Mpe mtu Biblia peke yake, leo atasoma kama Mwafrika wa Kikuyu, kesho atasoma kama Streeter. Kwa mtazamo huo mkutano wa Kikuyu na kitabu cha Oxford vilikuwa ugonjwa mmoja wenye dalili mbili. Mimi sioni kwamba Weston alilithibitisha hilo, maana Streeter mwenyewe alikuwa na askofu, tena askofu aliyempenda. Lakini ndilo wazo linaloifunga barua yake pamoja.

Jibu la Askofu Mkuu lilitoka mwaka 1915, baada ya baraza la ushauri kukaa mwaka uliotangulia. Hakumhukumu mtu, na aliomba ibada kama ile isirudiwe. Wacheshi wakasema uamuzi maana yake ni kwamba ibada ya Kikuyu ilimpendeza Mungu sana, na isifanyike tena kamwe. Mwaka uleule Askofu Percival wa Hereford alimpa Streeter cheo cha ukanoni katika kanisa lake kuu. Weston akatangaza kutoka Unguja kwamba yeye na dayosisi yake hawana ushirika na Askofu wa Hereford. Visiwa vya karafuu vikaitenga Hereford! Waingereza wengi walicheka, kama walivyomcheka Colenso. Baba zao walimcheka askofu wa Afrika kwa kuamini kidogo mno. Wao walimcheka mwenzake kwa kuamini kupita kiasi.

Wala tusidhani kwamba msimamo wa mtu juu ya Kitabu watosha kutuambia atasimama wapi mbele ya dola. Mwaka 1920 Weston aliandika kijitabu kikali dhidi ya kazi za kulazimishwa zilizokuwa zikiwakusanya Waafrika wa Kenya kwenye mashamba ya walowezi, akaviita vitendo hivyo utwana chini ya Uingereza, akajitia uadui na Wizara ya Makoloni kama vile Colenso alivyojitia uadui na Natal. Alifariki Hegongo, nchi ya Wabondei, mwezi Novemba 1924, akazikwa Magila.

Baada ya hapo ugomvi haukuhitaji tena maaskofu. Mwaka 1922 shirika kongwe la CMS lilipasuka huko Uingereza kwa sababu ya swali lilelile, yaani kama wamisionari wote wapaswa kukiri kwamba Maandiko yana ukweli kamili na kwamba Kristo ni mwaminifu katika kila alilolisema. Waliotoka wakaunda shirika lao, BCMS, ambalo baadaye lilifanya kazi katika nchi ya Karamoja. Misioni ya Rwanda, iliyobaki chini ya CMS, ilijiwekea masharti yake ili isije ikaletewa walimu wa usasa. Kutoka Rwanda na Uganda ukazuka Uamsho, na wale walioitwa Balokole wakalishika Neno kwa namna yao, si kwa fasili za wanazuoni bali kwa toba ya hadharani.

Mwaka 1941 moto huo uliingia katika chuo cha teolojia cha Askofu Tucker, Mukono. Wanafunzi wa Uamsho, wakiongozwa na William Nagenda, walikuwa wakiamka kabla ya alfajiri kuomba na kuwahubiria wenzao, wakilaumu dhambi za chuoni na, pamoja na hizo, mafundisho ya Biblia waliyoyaona yameelemea usasa. Mkuu wa chuo, J. C. Jones, mtu wa Wales, mpole na msomi, aliwaamuru wanyamaze saa hizo. Walikataa, na wanafunzi zaidi ya ishirini wakafukuzwa. Waliokishika Kitabu kwa nguvu zote walikuwa Waafrika, na mwenye kukisoma kwa elimu ya vyuo vya Ulaya alikuwa Mzungu mwenye mamlaka; William Ngidi na askofu wake walikuwa wamebadilishana viti. Jones alirudi kwao, na mwaka 1949 akawekwa kuwa Askofu wa Bangor. Nagenda hakupata ukasisi. Alihubiri akiwa mlei mpaka mwisho, Uganda na ng'ambo, Biblia yake mkononi.